Siku moja na msafara wa baiskeli, Dodoma hadi Manyoni: wanafikaje bila kumwacha mtu?

Kila mwaka, msimu wa kiangazi unapofika, wasikilizaji wetu wanaoishi kandokando ya barabara kuu hutupigia simu kuuliza jambo moja. Wameona watu wengi wamevaa kofia ngumu na kaptura za kubana, wako juu ya baiskeli, wanapita kijijini kwao kwa mstari, na nyuma yao kuna gari linalowaka taa. Ni akina nani? Wanakwenda wapi? Wanalipwa na nani? Na kwa nini mtu mwenye nauli ya basi aamue kupiga pedeli siku kumi?

Misafara hii ni ya aina nyingi. Upo wa Twende Butiama, unaotoka Dar es Salaam hadi Butiama mkoani Mara kumuenzi Mwalimu Julius Nyerere, aliyefariki tarehe 14 Oktoba 1999. Wengi wanaona inafaa kumkumbuka kwa safari ya jasho, maana mwaka 1967, baada ya Azimio la Arusha, Mwalimu mwenyewe alitembea kwa miguu kutoka Butiama hadi Mwanza. Upo pia wa kimataifa, Tour d'Afrique, ulioanza mwaka 2003, ambao hutoka Cairo hadi Cape Town na kukatiza nchi yetu. Na ipo misafara midogo ya marafiki, vyama vya waendesha baiskeli na watu wa makanisa au misikiti, isiyotangazwa popote.

Ili kujibu maswali yenu, tulifuatana na msafara mmoja mdogo wa watu 26 kwa siku moja, kutoka Dodoma hadi Manyoni, takriban kilomita 125. Humo walikuwamo walimu, fundi seremala, wauguzi wawili, wanafunzi wa chuo, na mzee mmoja mstaafu wa miaka 61. Hakuna aliyelipwa. Kila mmoja alichangia chakula na mafuta ya magari mawili ya huduma.

Saa kumi alfajiri: kazi inaanza kabla ya baiskeli

Tuliwakuta wameshaamka. Wengine walikuwa wanakunywa uji wa ulezi, wengine wanakula viazi vitamu na mayai ya kuchemsha. Muuguzi alituambia kwamba mwili una akiba ndogo ya nguvu za haraka. Ukifanya kazi nzito bila kula, akiba hiyo huisha ndani ya saa moja na nusu hadi mbili. Ikiisha, miguu inakuwa kama ya mtu mwingine: kizunguzungu, mikono kutetemeka, hasira bila sababu. Ndiyo maana wanakula kabla ya kuondoka, na njiani wanakula kidogo kidogo kila baada ya dakika 45 hivi, ndizi, karanga au kipande cha chapati, bila kungoja njaa.

Wakati huo fundi alikuwa anapita na tochi akikagua baiskeli moja moja. Alibana tairi kwa vidole, akavuta breki, akazungusha ringi kuona kama limepinda, akagusa cheni kuona kama ina mafuta. Baiskeli mbili zilikutwa na spoku zilizolegea. Spoku moja iliyolegea nyumbani ni jambo dogo, lakini barabarani huwapa kazi nyenzake, nazo hukatika moja baada ya nyingine.

Tuliuliza kwa nini hawaondoki saa kumi na moja ili kuliwahi jua. Kiongozi wa msafara alijibu kwamba saa hiyo barabara ina madereva waliokesha usukani, na dereva mwenye usingizi haoni baiskeli. Waliondoka saa kumi na mbili asubuhi, mwanga ukiwa umeanza kuonekana, kila baiskeli ikiwa na taa nyeupe mbele na nyekundu nyuma.

Kwa nini wanakwenda kwa mstari?

Ukiwa peke yako kwenye baiskeli, kazi kubwa kwenye tambarare ni kuupasua upepo. Anayekaa mgongoni mwa mwenzake, umbali wa mita moja hivi, anakuta upepo umeshapasuliwa. Anaweza kuokoa robo hadi theluthi ya nguvu zake na bado akaenda mwendo uleule. Kwa hiyo wanapokezana zamu. Wa mbele akikata upepo kwa dakika chache, anajiweka kando, wenzake wanampita, naye anajiunga mwishoni apumzike.

Hapo ndipo tulipoona jambo la kwanza lililotushangaza. Wale wenye nguvu walipewa zamu ndefu zaidi mbele, na wale dhaifu hawakupewa zamu kabisa. Mzee mstaafu hakukata upepo hata mara moja asubuhi ile, na hakuna aliyemnung'unikia.

Faida hiyo huonekana zaidi upepo unapovuma kutoka mbele. Wanaosafiri kuelekea magharibi wakati wa kiangazi wana bahati, kwa sababu miezi hiyo upepo wa nchi yetu ya kati huvuma zaidi kutoka mashariki na kusini-mashariki. Unawasukuma mgongoni. Anayetoka Singida kuja Dodoma miezi hiyohiyo atakuambia habari nyingine.

Mstari una kanuni. Barabara hii ndiyo inayobeba malori ya mizigo kutoka bandari ya Dar es Salaam kwenda Rwanda, Burundi na Kongo. Baiskeli 26 zikifuatana ni mkia mrefu, na lori linalotaka kuzipita lingelazimika kukaa upande usio wake muda mrefu. Basi waligawanyika makundi matatu, na kati ya kundi na kundi wakaacha nafasi ya kutosha lori kuingia na kutulia. Gari la huduma la mwisho lilikuwa nyuma ya wote, taa zikiwaka, na halikumpita mwendesha baiskeli yeyote hata awe mzito namna gani.

Na wanasemezana. Wa mwisho akisikia lori anapaza sauti, "Gari nyuma!" na neno hilo linapita mdomo hadi mdomo mpaka mbele. Wa mbele akiona shimo, anasema "Shimo!" na kuonyesha kwa mkono. Anayekaa mgongoni mwa mwenzake haoni barabara. Macho yake ni maneno ya wa mbele.

Lori linapopita kuna jambo jingine. Kwanza upepo wake unakusukuma kuelekea nje, halafu likishapita unakuvuta ndani, kuelekea barabarani. Asiyejua hushtuka na kuyumba. Wao huinamisha mwili, hushika usukani kwa uthabiti bila kuukaza, na hawapigi breki.

Bahi: chai, tairi na kaptura

Saa tatu asubuhi tulikuwa Bahi, takriban kilomita 55 kutoka Dodoma. Toka Nala watoto walikuwa wakitukimbilia wakisema "Mbukwa!" kwa Kigogo. Inafurahisha, lakini kiongozi alituambia kwamba hilo ndilo analoliogopa kuliko malori. Mtoto anayekimbilia barabarani kupunga mkono haangalii kinachokuja upande wa pili. Kila walipokaribia shule walipunguza mwendo, na gari la mbele lilitangulia kuwaomba walimu au wazazi wawaweke watoto mbali na lami.

Pale Bahi walikula wali wa mpunga wa hapohapo na maharage. Ndipo tulipouliza lile swali ambalo wasikilizaji wengi huona aibu kuliuliza: kwa nini kaptura za kubana?

Mmoja wa wanafunzi alicheka na kutueleza. Mtu hupiga pedeli mara elfu nyingi kwa siku. Nguo pana hujikunja, mshono wake husugua ngozi palepale, jasho linaongeza chumvi, na kufikia siku ya pili pana kidonda. Kaptura ile haina mikunjo, na ndani yake pameshonwa kitambaa laini kama mto mdogo mahali pa kukalia. Kidonda cha siti kimewarudisha nyumbani watu wengi kuliko misuli iliyochoka.

Kabla ya kuondoka, wawili walikuwa na pancha. Sehemu hizi zina migunga, na miiba yake ikianguka kando ya lami haionekani. Ndiyo sababu hawapendi kwenda juu ya mchanga wa pembeni isipokuwa kuwe na hatari. Fundi hakuziba tyubu pale. Aliweka nyingine nzima, na zile zilizotoboka akaziweka kando azitie viraka usiku. Ila kabla ya kuweka tyubu mpya alipitisha vidole ndani ya tairi taratibu mpaka akaupata mwiba wenyewe. Anayeziba tyubu na kuuacha mwiba ndani ataziba tena baada ya kilomita moja.

Hata hivyo, pancha hizo na nyingine mbili baada ya Bahi ziliwachelewesha karibu saa nzima. Kuchelewa huko ndiko kulikoleta mjadala wa mchana.

Kintinku: joto na uamuzi

Dodoma mjini iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Kutoka hapo barabara inateremka taratibu hadi bonde la Bahi na Kintinku, chini ya mita 900. Hili ni sehemu ya Bonde la Ufa. Mbele yake limesimama ukuta wa bonde, mlima wa Saranda, na Manyoni iko juu yake, zaidi ya mita 1,200. Maana yake, sehemu ngumu kuliko zote inakuja mwishoni, mtu akiwa ameshachoka, na inakuja baada ya sehemu yenye joto kuliko zote.

Mpango ulikuwa waupande mlima kabla ya saa sita. Lakini tulifika Kintinku saa sita kasoro, jua likiwa utosini.

Hapo muuguzi wa kike wa msafara, ambaye asubuhi nzima alikuwa akiwakumbusha wenzake kunywa maji, akaanza kubaki nyuma. Aliyekuwa karibu naye alimsemesha, akajibiwa maneno yasiyoeleweka vizuri. Akasema kichwa kinamuuma na anataka kutapika, lakini akasisitiza kwamba ataendelea. Alitaka kumaliza njia yote kwa miguu yake, bila kupanda gari hata hatua moja. Alikuwa amejiandaa mwaka mzima.

Hawakumbishia wala hawakumbembeleza. Walimshusha, wakamlaza kivulini chini ya mbuyu, wakamfungua vifungo vya shingoni, wakamwagia maji kichwani, shingoni na kwapani na kumpepea. Mwenzake mmoja alibaki naye akimuuliza maswali madogo madogo: leo siku gani, tumetoka wapi. Baada ya robo saa alijibu sawasawa, akaanza kunywa maji yenye sukari na chumvi kidogo kidogo. Walikuwa wameshakubaliana kwamba kama angeendelea kuchanganyikiwa, gari lingempeleka hospitali mara moja bila kungoja mtu. Joto likizidi mwilini linaua, na dalili mbaya kuliko zote ni mtu kuanza kusema ovyo.

Kisha wakakaa kuamua. Vijana kadhaa walitaka kuendelea. Walikuwa na nguvu, na Manyoni walingojewa. "Tukikaa hapa miili itapoa, mlima utakuwa mgumu zaidi," alisema mmoja wao. Hakuwa amekosea. Kiongozi aliwasikiliza wote, halafu akamgeukia yule mzee: "Mzee wangu, wewe unasemaje?"

Mzee akajibu, "Mimi nikipanda sasa, mtanibeba. Nikipanda saa tisa, nitapanda mwenyewe."

Basi wakangoja. Karibu saa tatu nzima watu 26 walilala chini ya mibuyu kama wafiwa, kofia usoni. Kiongozi alituambia kanuni ni moja: mwendo wa msafara ni mwendo wa aliye dhaifu siku hiyo, na aliye dhaifu leo si lazima awe yuleyule kesho. Tulitazama wale vijana waliotaka kuondoka. Hawakufurahi, lakini walikubali.

Yule muuguzi aliambiwa kwamba kwake siku imekwisha. Alilia. Akapanda gari.

Mlima wa Saranda

Saa tisa jua lilikuwa limelegea na upepo wa nyuma umeshika. Mlima ulianza polepole, kisha ukawa wa kweli. Hapa mstari ukavunjika, kwa sababu mlimani mwendo ni mdogo na hakuna upepo wa kukatana. Kila mtu anapambana na uzito wake. Walitumia gia nyepesi, miguu ikizunguka haraka lakini bila kusukuma kwa nguvu, kama mtu anayepanda ngazi kwa hatua fupi. Malori yaliyopanda yalikuwa yanakohoa, na yaliyoshuka yalinuka breki.

Katikati ya mlima tulimkuta mtu wa rika la kati akisukuma baiskeli ya kawaida, ile nzito isiyo na gia, imefungwa madumu manne ya maji. Waendesha baiskeli walipunguza mwendo na kumsalimu. Mmoja akashuka, akashika nyuma ya mzigo, wakasukuma pamoja.

"Nyie mnalipwa kiasi gani?" yule bwana aliuliza.

"Hatulipwi, kaka. Sisi ndio tunalipa."

Alicheka mpaka akasimama. Halafu akalitazama gari lililokuwa likija nyuma yetu taratibu, taa zikiwaka, akasema, "Mimi napanda hapa karibu kila siku. Gari la hivyo la kwangu liko wapi?"

Hakuna aliyekuwa na jibu. Swali lake ndilo lililotufanya tuandike makala hii. Wanaopita kwa msafara wanapita mara moja kwa mwaka, tena wakilindwa mbele na nyuma. Wanaotumia barabara hiihii kwa baiskeli kila siku, na maji, mkaa, gunia la mahindi au mtoto wa shule nyuma, ni wengi kuliko wao na hawana ulinzi wowote.

Wote waliobaki, 25, walifika Manyoni saa kumi na moja jioni. Mzee alipanda mwenyewe. Walisimama wakahesabiana, na muuguzi aliyekuja na gari akahesabiwa nao: 26. Ndipo wakaanza kupongezana. Saa mbili usiku, baada ya ugali, fundi akiwa bado anatia viraka, karibu wote walikuwa wamelala. Kesho yake ilikuwa Singida. Muuguzi alikuwa ameruhusiwa kuanza tena, kwa sharti kwamba anywe maji kila atakapoambiwa na akae katikati ya mstari.

Wewe usiye na gari nyuma, uchukue nini?

Tuliwaomba viongozi wa msafara watuambie ni mambo gani kati ya hayo yanamfaa mtu anayekwenda na baiskeli kuchota maji, sokoni au shuleni. Haya ndiyo waliyotaja.

Onekana. Taa ya nyuma yenye rangi nyekundu ndiyo ya kwanza kununua kabla ya pambo lolote. Ukikosa, funga kitambaa cheupe au kipande cha plastiki kinachong'aa nyuma ya mzigo, na jitahidi usiwe barabarani giza likishaingia.

Kaa kushoto. Mwenye baiskeli huenda upande wa kushoto, mwelekeo mmoja na magari. Anayetembea kwa miguu ndiye anayekaa kulia ili ayaone magari yanayomjia. Wengi wamelichanganya hili.

Msipande wawili sambamba. Watoto wa shule hupenda kuzungumza njiani, lakini barabara kuu si mahali pake. Waende kwa mstari, mkubwa awe wa mwisho, naye ndiye wa kusema "Gari nyuma!"

Shuka mzigo ukiwa mzito. Mteremko wenye mzigo ni hatari kuliko mlima. Breki za fito zikilowa au zikichakaa hazishiki. Sukuma ukipanda, na sukuma pia ukishuka kama huna uhakika.

Kunywa kabla ya kiu. Kwenye joto kali mtu anayefanya kazi anaweza kuhitaji nusu lita hadi lita moja kwa saa. Ukiona umetokwa jasho jingi na unaishiwa nguvu, changanya lita moja ya maji safi na vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vilivyosawazishwa, unywe kidogo kidogo.

Nendeni pamoja. Kama kijijini kwenu kuna watano wanaokwenda mnada siku moja, pangeni saa moja ya kuondoka. Dereva anaweza asimwone mtu mmoja, lakini watano kwa mstari atawaona.

Na kwa madereva wanaotusikiliza: mwendo ndani ya kijiji ni kilomita 50 kwa saa, awepo askari au asiwepo. Ukitaka kumpita mwenye baiskeli, mwachie nafasi ya mita moja na nusu, na kama lori jingine linakuja mbele, subiri nyuma yake. Sekunde kumi unazopoteza ni chache kuliko unazotumia kununua soda.

Msafara ukipita kwenu mwaka huu, wapungieni mikono mkiwa mmesimama mbali na lami, mifugo ikiwa imeshikwa. Na wakati mwingine utakapomkuta jirani yako anasukuma madumu mlimani peke yake, shika nyuma ya mzigo.